Pete ya Lami na Ilmu ya Nukta

Msafiri atokaye Korogwe akaelekea Handeni kwa barabara ya kilomita 65 ipitayo Sindeni, kisha akatoka Handeni hadi Mkata kwa barabara nyingine ya kilomita 54, akaishika njia kuu itokayo Chalinze, akazipita Kabuku na Michungwani mpaka Segera, na kutoka Segera akarejea Korogwe, atakuwa amerudi alikoanzia pasipo kukanyaga kipande kimoja cha lami mara mbili. Jambo hilo, ambalo kwa dereva wa basi ni ada ya kazi na kwa mkulima wa Sindeni ni njia ya kupeleka mahindi yake sokoni, kwa mwanafunzi wa topolojia ya aljebra ni mada kamili ya ilmu yake: ni pete, nayo pete hiyo ina hesabu yake, ina kanuni zake, ina nasaba ya wanazuoni walioitafakari kwa takriban karne tatu, na ina maswali ambayo hadi leo hayajapata majibu.

Nadai katika makala haya kwamba ilmu inayoihesabu pete hiyo, pamoja na ndugu yake nadharia ya grafu, inastahili kutafitiwa hapa nchini katika daraja za uzamili na uzamivu, kwa fedha zetu wenyewe, na kwa vijana waliopewa wasaa wa kufikiri, na kwamba swali lisikikalo aghalabu katika mabaraza yetu, «Itatufaa nini?», ni swali halali lenye majibu mengi mazuri, walakini halina insafu linapowekwa mlangoni, ili mwanafunzi alijibu kabla hajaandika hata ukurasa wa kwanza wa tasnifu yake.

Tuianze hesabu yenyewe. Chukua mahali patano, Korogwe, Sindeni, Handeni, Mkata na Segera, upaite nukta. Chukua sehemu tano za barabara zinazopaunganisha, uziite mistari. Na kwa kuwa mtu aweza kutoka nukta yoyote akafika nyingine yoyote, sema kwamba mtandao huu, ambao wanahesabu huuita grafu, ni kipande kimoja. Sasa toa idadi ya nukta katika idadi ya mistari, kisha ongeza idadi ya vipande: tano toa tano, ongeza moja, jawabu ni moja, na moja hiyo ndiyo idadi ya pete. Akitokea mtu akasema kuwa umeisahau Kabuku, itie: nukta zitakuwa sita, na mstari wa Segera na Mkata utagawanyika ukawa miwili, hivyo mistari nayo itakuwa sita, na jawabu litabaki moja. Itie Michungwani, itie Misima, kitie kila kituo ambapo abiria hushuka na mizigo yao, na jawabu halitatikisika. Wanahesabu huita nambari hii kwa jina la Enrico Betti, Mwitalia aliyeandika juu ya mambo haya mwaka 1871. Ukiichora ramani yetu juu ya kanga, kisha watu wanne wakaivuta kanga kwa pembe zake, kilomita zitarefuka na kona zitanyooka, lakini pete itabaki pete; na topolojia, kwa muhtasari, ni ilmu ya yale yanayosalia baada ya kuvuta kote huko, ilhali aljebra ndiyo inayotuwezesha kuyahesabu pasipo kuyatazama kwa macho, jambo ambalo huwa ni lazima pale mtandao unapokuwa na nukta elfu kumi, au pale umbo linapokuwa na vipimo zaidi ya vitatu na jicho likawa halina la kufanya.

Katika hesabu hiyo imo kanuni moja ambayo naipenda kwa usafi wake. Mstari mpya unapoongezwa kati ya nukta zilizopo, una kazi moja kati ya mbili, wala hauna ya tatu: ama huunganisha vipande viwili vilivyokuwa mbalimbali, ama huzaa pete moja mpya. Nchi ya Korogwe na Handeni imeshuhudia kazi zote mbili. Reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na ambayo ilifika Korogwe mwaka 1902, iliendelea mbele hadi Moshi, na baadaye ikaungana na reli ya Kenya kwa tawi la Voi na Kahe. Lakini haikuwa na kiungo chochote cha reli na Reli ya Kati itokayo Dar es Salaam, mpaka mwaka 1963 ilipofunguliwa njia ya Ruvu hadi Mruazi, katika ardhi hii hii ya Korogwe. Mstari ule ulivifanya vipande viwili kuwa kimoja, na pete hata moja haukuizaa. Takriban nusu karne baadaye zikaja barabara za lami za Korogwe na Handeni, na Handeni na Mkata: iliyotangulia iliifikisha lami Handeni, iliyofuata ikaifunga pete. Na faida ya pete si siri kwa mtu yeyote aliyepata kukwama njiani wakati wa masika, kwa sababu mvua ikiikata njia mahali pamoja, pete hugeuka kuwa njia moja ndefu, na bado kila mtu aweza kumfikia mwenziwe kwa kuzunguka. Ilhali mahali pasipokuwa na pete, mkato mmoja huwagawa watu makundi mawili yasiyoonana.

Nasaba ya fikra hizi huanzia Königsberg, mji wa Prussia ambao sasa ni Kaliningrad katika Urusi, ambako watu waliulizana kama yamkini mtu kuyavuka madaraja yote saba ya mto wao, kila moja mara moja tu, katika matembezi mamoja. Leonhard Euler akathibitisha mwaka 1736 kuwa haiyamkini, na burhani yake haikupima urefu wala upana wa chochote: alihesabu madaraja yanayogusa kila sehemu ya nchi kavu, akaona kuwa sehemu zote nne zinaguswa na idadi ya witiri, na akabainisha kuwa matembezi ya namna hiyo hayawezekani pindi sehemu za witiri zinapozidi mbili. Swali lilikuwa la kujiburudisha, wala hapana diwani wa Königsberg aliyelitengea fungu katika bajeti. Lakini mwaka 1847 Gustav Kirchhoff, kijana bado, alipotaka kujua jinsi umeme unavyogawanyika katika nyaya zilizosukwa pamoja, alikuta kuwa nukta, mistari na pete ndizo hasa anazozihitaji, na kuwa pete zilizo huru ndizo zinazompa milinganyo inayokamilisha hesabu yake. Mitambo ya Hale katika wilaya ya Korogwe, iliyoanza kuzalisha umeme kwa maji ya mto Pangani mwaka 1964 ikiwa na uwezo wa megawati 21, hupeleka nishati yake kwa kufuata kanuni zile zile za Kirchhoff, na kila nyumba ya Sindeni inayowasha taa usiku imo katika hesabu hiyo, ijapokuwa mwenye nyumba hakuambiwa.

Mwaka 1926 Otakar Borůvka, Mcheki, aliletewa swali la jinsi ya kuusambaza umeme katika jimbo la Moravia kwa gharama iliyo ndogo kuliko zote, naye akatoa njia ya kuupata mtandao wa bei rahisi kabisa unaozifikia nukta zote. Mtandao huo daima ni mti, yaani hauna pete hata moja, kwa sababu kila pete ina mstari uwezao kuondolewa bila kumtenga mtu, na mwenye kubana matumizi atauondoa. Msomaji na atulie hapa, kwa kuwa hapa ndipo ilmu hii inapomgusa mtu wa Handeni katika maisha yake. Mradi wa maji uitwao HTM, uliojengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, huyachota maji ya mto Pangani katika kijiji cha Tabora wilayani Korogwe na kuyasukuma kwa bomba kuu kuelekea Handeni, wilaya ambayo ukame wake ni mashuhuri na ambayo akina mama wake wameubeba ukame huo kichwani, ndoo baada ya ndoo, kwa vizazi. Bomba kuu lenye matawi ni mti. Likipasuka karibu na shina, wote walio mbele yake hukaukiwa, na fundi aliye hodari kuliko wote hawezi kuwapatia maji kwa upande mwingine, kwa kuwa upande mwingine haupo. Unyonge huo ulikwisha kuandikwa katika umbo la mtandao siku ulipochorwa. Hautokani na uzembe wa mtu, wala hauondoki kwa kuwabadilisha viongozi wa mradi.

Je, ni mabomba mangapi ya ziada yanayotakiwa ili pasiwepo mpasuko mmoja uwezao kukitenga kijiji hata kimoja? Mwaka 1976 Kapali Eswaran na Robert Tarjan walilitatua swali hili kwa jawabu fupi la kustaajabisha: hesabu ncha za mti, yaani nukta zinazoguswa na mstari mmoja tu, ugawe kwa mbili, na ukipata nusu uipandishe. Mti wenye ncha nane hutosheka kwa mistari minne. Walakini jawabu hilo huchukulia kuwa kila mstari una bei moja, na kati ya Korogwe na Handeni bei si moja, kwa kuwa kipande kimoja hupita bondeni na kingine hupanda vilima, na kimoja hukata shamba la mtu anayestahili fidia. Bei zinapotofautiana, swali hilo hilo hugeuka kuwa miongoni mwa yale magumu ambayo hayajapatiwa njia ya haraka na ya uhakika, na wanazuoni wa Ulaya na Marekani wanaendelea hadi miaka hii kuzisogeza mbele njia za kulikaribia jawabu lake. Kwa hiyo kijana wa Sindeni akiuliza kama liko swali la uzamivu lililo hai, lisilokwisha, na ambalo bibi yake angelielewa umuhimu wake, jibu langu ni kwamba liko, na limezikwa chini ya ardhi anayoikanyaga.

Lakini sitaki kuitetea ilmu hii kwa mabomba peke yake, kwa maana nikifanya hivyo nitakuwa nimekubali kuwa fikra isiyo na bomba haina haki ya kuwako. Henri Poincaré alipochapisha mwaka 1895 risala yake juu ya topolojia, na Emmy Noether alipowafahamisha wenzake katika miaka ya 1920 kuwa pete na matundu ya maumbo yafaa kutazamwa kama makundi ya aljebra badala ya nambari tupu, hapana hata mmoja wao aliyewaza minara ya simu. Mwaka 2007 Vin de Silva na Robert Ghrist walieleza namna ya kutumia ilmu hiyo kukagua kama vyombo vilivyotawanywa nchini vinalifunika eneo lote: chora mstari kati ya vyombo viwili vilivyo karibu, vinapokuwa vitatu vinavyokaribiana vyote jaza pembetatu yake, kisha itafute kwa aljebra pete ambayo haikujazwa, kwa kuwa hiyo ni dalili ya shimo; na yote hayo bila kujua ni wapi hasa chombo chochote kilipo. Anayeijua Handeni anazijua sehemu ambako mtu hupanda kichuguu akiwa ameinua simu juu, na atatambua kuwa hesabu ya Noether inamhusu.

Nitataja tokeo moja zaidi, ambalo kwangu mimi ni kilele cha udugu wa ilmu hizi mbili. Fikiri kijiji chenye wajumbe watano, na kamati za watu wawili wawili, ambazo jumla yake ni kumi. Tunataka kuzigawa kamati hizo katika mafungu, kwa sharti kwamba kamati mbili zozote za fungu moja ziwe na angalau mjumbe mmoja anayezishiriki. Mafungu matatu yanatosha: fungu la kamati zote alimo mjumbe wa kwanza, fungu la zilizobaki alimo wa pili, na fungu la kamati tatu za mwisho. Mawili hayatoshi. Mwaka 1955 Martin Kneser alikisia idadi hiyo kwa wajumbe wowote na kamati za ukubwa wowote, na kwa zaidi ya miaka ishirini hapana aliyeweza kuithibitisha, mpaka László Lovász wa Hungaria alipofanya hivyo mwaka 1978 kwa kutumia nadharia ya Borsuk na Ulam, ambayo miongoni mwa matokeo yake ni kuwa wakati wowote ule pana mahali pawili duniani, kila pamoja upande wa pili wa mwenziwe, penye joto sawa na mgandamizo wa hewa sawa. Nini kinachoihusisha hali ya hewa ya pande mbili za dunia na kamati za kijiji? Kwa dhahiri, hapana kitu. Kwa batini, uhusiano ni kamili na umethibitishwa. Mtu aliyepata kuifuata burhani hiyo tangu mwanzo hata mwisho ameona kitu ambacho hawezi kukisahau, na nasema kwa moyo wote kuwa ni dhuluma kumnyima mtoto wa Kitanzania nafasi ya kukiona, au kumpa nafasi hiyo kwa sharti kwamba kwanza aondoke nchini kwake.

Je, nafasi hiyo iko kwa kiasi gani? Si haki kusema haipo. Mwaka 2008 Egbert Mujuni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Frances Rosamond, alichapisha utafiti juu ya ugumu wa kuigawa mistari ya grafu katika makundi ambamo kila nukta imeungana na kila nyingine, kazi inayosomwa na wataalamu wa nadharia ya grafu popote walipo. Tangu mwaka 2002 uko mpango wa hisabati unaoviunganisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, na baadaye vya Rwanda na Zambia, ambao umewasomesha wanafunzi wa uzamili na uzamivu na kuwakusanya katika masomo ya pamoja. Lakini mpango huo umetegemea ufadhili wa Sweden kupitia Uppsala, na wanafunzi wengi wa mipango ya namna hiyo hukaa miezi kadhaa ugenini kisha miezi kadhaa nyumbani. Nawashukuru Waswidi, na shukrani yangu haina kasoro. Ila taifa lenye umri wa zaidi ya miaka sitini halipaswi kungojea mgeni alilipie elimu ya juu kabisa ya hesabu zake, kwa kuwa mgeni ana haki ya kubadili nia yake siku yoyote.

Hali ya mwanafunzi mwenyewe ndiyo inayonihuzunisha zaidi. Mara nyingi huajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi, hupewa madarasa ya mwaka wa kwanza yenye mamia ya wanafunzi, husahihisha mitihani usiku, na utafiti wake huubakishia masalio ya siku. Topolojia haikubali masalio. Burhani moja hutaka mtu aibebe akilini majuma mengi, aipoteze, airudie, azungumze na mwenziwe aliyekwama mahali pale pale; na mwenzi huyo aghalabu hayupo, kwa sababu katika chuo kizima pengine ni yeye peke yake na msimamizi wake wanaozungumza lugha hiyo. Upweke huu huvunja vipaji vingi kuliko ugumu wa somo lenyewe.

Wapo watakaosema kuwa nchi yenye shule zilizopungukiwa madawati na zahanati zilizopungukiwa dawa haina ruhusa ya kufikiria mashimo ya maumbo yasiyoonekana. Naiheshimu hoja hiyo, maana hutoka katika moyo wa huruma. Lakini mwanahesabu hahitaji maabara, wala kemikali, wala jokofu. Huhitaji mshahara, meza, majarida, mtandao wa intaneti, na wenzake watatu au wanne, na gharama yake ni ndogo mno mbele ya mtambo mmoja wa hospitali. Zaidi ya hayo, utafiti wa daraja la dunia si mgeni katika ardhi hii: majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, yalikuwa na vituo 11 katika nchi saba za Afrika, na Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo hivyo. Wazazi wa Korogwe waliowaleta watoto wao katika majaribio yale hawakuuliza kama sayansi ya namna hiyo ni anasa ya Wazungu.

Ninayoyapendekeza yanawezekana mwaka huu huu. Ufadhili wa Samia, ulioanzishwa mwaka 2022 kwa wahitimu bora wa kidato cha sita katika masomo ya sayansi, uliwalenga wanaoanza shahada ya kwanza. Uwekewe ngazi ya juu yake, ya nafasi chache za uzamivu katika hisabati tupu, zisizofungamana na kufundisha, na zitolewe kwa makundi ili pasiwe na mwanafunzi anayeachwa peke yake. TANROADS wenye barabara, RUWASA wenye maji ya vijijini na TANESCO wenye umeme wafungue ramani za mitandao yao kwa wanafunzi hao, kwa amana na kwa masharti ya usalama, kwa maana tasnifu inayojifunza mtandao wa kubuni wakati mtandao wa kweli umo katika kabati la ofisi ya serikali ni hasara kwa pande zote mbili. Na wasimamizi wasiwalazimishe wanafunzi kugeuza kila sura kuwa maombi ya kazi. Anayetaka Lovász aachwe na Lovász.

Serikali ina azma ya kujenga kwa lami barabara ya kilomita 460 kutoka Handeni kupitia Kibirashi na Kibaya hadi Singida. Kwa kanuni tuliyokwisha kuiona, itakapoigusa lami ya Dodoma na Kondoa itazaa pete moja, na itakapofika Singida itazaa nyingine. Ni kwa jinsi gani pete hizo zitageuza thamani ya kila kipande kilichopo, pamoja na kile cha Sindeni? Ni kipande kipi ambacho kikikatika baada ya hapo kitaumiza zaidi, na kipi kitakachokoma kuumiza? Na je, fedha hizo hizo, zikigawanywa upya, zingeweza kuzaa pete tatu badala ya mbili? Hayo ni maswali ya tasnifu, na mwanafunzi aliye na ramani, kalamu na msimamizi aweza kuyaanza kabla lami haijamalizika kumwagwa.